Mwaka wa Kumpisha Mkwe

Wiki iliyopita Nesi Editha alikuja shuleni kwetu, hapa Ibadakuli, kutufundisha umuhimu wa kuhudhuria kliniki, na akauchekesha ukumbi mzima kwa kumtumia baba yangu mdogo. Hakumtaja jina, hilo namshukuru. Alisema tu kwamba alipokuwa Rwamgasa alikuwa na mgonjwa mmoja, mtu mzima na ndevu zake, ambaye kila akimwona mtu aliyetumwa kumkumbusha siku ya kliniki alitoka nduki kwenda kujificha nyuma ya lundo la mchanga. Akaziiga na mbio zenyewe, na sketi yake ile ya kubana. Ukumbi ukaangua kicheko. Wenzangu wakanigeukia mimi, kwa sababu shuleni kwetu kazi ya kuongeza chumvi ni yangu; mimi ndiye ninayemwiga mwalimu wa nidhamu anavyotembea tumbo likitangulia na yeye akilifuata. Nikatulia kama maji ya mtungini. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Kabula, leo umeishiwa?" Nikamwambia tumbo linaniuma. Juu ya bati ndege ikawa inashuka kwenda uwanjani, na sisi tuna desturi ya kunyamaza mpaka ipite, kwa hiyo Nesi Editha akasubiri huku anatabasamu, ameongezeka mwili, na mkononi saa kubwa inayong'aa. Siku hizi ana cheo. Ndege ilipotua akamalizia, "Sasa jamani, mtu kama huyo utamsaidiaje?"

Basi nitaandika angesaidiwaje. Sina cheo chochote, na mpaka leo nikichelewa mstarini napewa ufagio wa chooni, lakini mimi nilikuwepo na yeye alikuwa ofisini.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na nilikaa kwa Bamdogo Masanja, Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa nini nilikaa kwake siyo habari ya hapa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma ambayo hayakuwahi kupigwa lipu, na vumbi la kijivu lililotoka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, likatulia juu ya kila kitu: juu ya redio, juu ya mito ya makochi, juu ya ugali ukizubaa kuufunika. Nikiandika jina langu mezani kwa kidole asubuhi, jioni limeshafutika. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa maji, na ndani ya kikombe cha plastiki kilichoegemezwa kwenye mtungi ilikaa chupa ya matone ya macho ya Bamdogo, chupa ndogo kama kidole cha mtoto. Nesi alisema dawa inataka ubaridi, na friji yetu ilikuwa mtungi. Mimi nilikuwa naiamkia ile chupa kila nikichota maji. "Shikamoo dawa." Bamdogo akiwa kwenye kochi anaijibia, "Marahaba, usinimwage." Alikuwa mtu wa utani kuliko mimi, ila yeye anatania bila kucheka, na ndiyo maana watu walimheshimu.

Kazi yake ilikuwa macho. Mwenye mifuko ya mawe kabla hajalipia karasha anataka ajue kama mawe yake yana kitu, basi anasagiwa kidogo, unga unatiwa kwenye karai, na Bamdogo anauchezesha na maji, anazungusha, anamwaga, anazungusha tena, mpaka unabaki mkia mwembamba chini ya karai. Anauinamisha kwenye jua na kuutazama. Nimeona majitu yenye vifua kama milango yamesimama nyuma yake hayapumui. Akisema "ipo", wanapigana mabega. Akisema "hamna kitu", wanamtukana yeye na ukoo wake na kesho yake wanarudi tena kwake. Kwa hiyo alipoanza kugonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, mimi nilicheka, mke wake Mama Kulwa akacheka, naye akasema mlango umesogea. Mlango haukuwa umesogea. Daktari wa macho aliyekuwa akija kituo cha afya mara moja kwa mwezi alimwambia ana presha ya macho, ugonjwa usiouma na usiowasha, unakula kuona kwako kutoka pembeni kama panya anavyokula mkate, na kilichokwishaliwa hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki. Lakini kila daktari akija lazima aende apimwe na kupewa chupa nyingine, maana chupa moja inakwisha mwezi ukiisha, na dawa anakuja nayo daktari mwenyewe.

Tatizo, daktari hakuwa na siku. Alitegemea gari, na gari lilitegemea mafuta, na mafuta sijui yalitegemea nini. Kituo kilikuwa kinajua leo kwamba anakuja kesho. Walijaribu kutuma ujumbe wa simu, lakini Rwamgasa mtu anabadilisha laini kuliko anavyobadilisha shati, na shimoni hakuna mtandao. Wagonjwa wakawa wanakosa, daktari anakaa na viti vitupu, anaondoka amenuna. Ndipo Nesi Editha, ambaye alikuwa mgeni kwetu na kusema kweli alikuwa mchapakazi, akaja na mpango wake. Kila mgonjwa apewe mkumbushaji, mtu wa jirani, anayepigiwa simu na nesi siku moja kabla, anamfuata mgonjwa alipo na kumwambia mdomo kwa mdomo. Ana kwa ana, alisisitiza, siyo kumtuma mtu, maana ujumbe wa kutumwa unaishia njiani. Na siri. Mkumbushaji akimwambia mtu mwingine yeyote kwamba fulani anaumwa hiki, anafukuzwa. Wakumbushaji wakapewa vizibao vya njano vya kung'aa, vile wanavyovaa watu wa barabarani.

Siku ya kugawana wagonjwa nilikuwepo, nimembeba Doto mgongoni, na pacha wake Kulwa ananivuta sketi. Nesi alikuwa anagawa kwa kuangalia nyumba ya nani iko karibu na ya nani, na nyumba iliyokuwa karibu na yetu ilikuwa ya Bibi Milembe, mama yake Mama Kulwa. Bibi alikuwa mkumbushaji hodari kuliko wote, mwembamba, mrefu, mguu mwepesi, hajui kusahau.

"Baba Kulwa nakupa wewe, Bibi," Nesi akasema.

Bibi akainama kidogo. "Nesi, huyo ni mkwe wangu. Kamwoa mwanangu."

"Si ndiyo vizuri? Mtu wa nyumbani kabisa."

Kina mama wote kwenye benchi wakacheka, wamejifunika midomo kwa khanga. Nesi Editha naye akacheka. Alidhani wamefurahi.

Kwetu Usukumani mkwe hupishwa. Sijui kwingine. Bamdogo akimwona Bibi Milembe anakuja njiani alikuwa anaacha njia, anaingia kwenye mihogo ya watu, anasimama amempa mgongo mpaka apite. Hawakutazamana usoni, hawakula mahali pamoja, hawakutajana majina. Bibi akija kwetu anakohoa akiwa bado nje ya uzio, na Bamdogo hata kama amemega tonge la kwanza anachukua sahani yake na kutokea mlango wa nyuma. Usidhani ni chuki. Nyumba ya Bibi aliijenga Bamdogo kwa mikono yake, na Bibi akikaanga karanga, zile nzuri nzima nzima zilikuwa za mkwe, sisi tunaletewa zilizovunjika. Wakiwa na neno la kuambiana walikuwa wanapitishia kwa mtoto, au kama hakuna mtoto, kwa mbuzi. Ndiyo, kwa mbuzi. Bibi anasimama uani na kumwambia mbuzi, "Wewe, mwambie mwenye boma kwamba bati langu linavuja." Nyuma ya nyumba Bamdogo, ambaye mkwe alimwita mayu, yaani mama, anamwambia kuku, "Mwambie mayu nitakuja kesho akiwa shambani." Mimi nilikuwa nalilipa hilo tamasha kwa kicheko mpaka nashika ukuta. Kuna siku Bibi na Mama Kulwa walikuwa sebuleni wanakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, na mimi niko mlangoni naona pande zote mbili. Bibi akawa anamwambia mwanawe, "Mwanaume uliyempata ana adabu. Baba yako hakuwa na robo ya hiyo." Nyuma ya ukuta Bamdogo ameshika kiazi mkononi, ameacha kutafuna ili asikie vizuri, kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi kusikia, akatafuna kwa kelele. Nadhani hakuna siku niliyomwona ana raha kuliko siku ile.

Mwezi wa kwanza wa mpango mambo yalikwenda sawa kwa sababu Bibi alifanya kitu cha akili. Aliniambia mimi. Nikamwambia Bamdogo, Bamdogo akaenda, akapimwa, akapewa chupa yake. Pale dirishani Nesi akamuuliza, "Mkumbushaji wako alikufuata?" Bamdogo, ambaye hawezi kumzungumzia mkwe mbele ya watu, akajibu ukweli aliouweza: "Mtoto ndiye aliyeniambia."

Kikao kilichofuata Nesi akamsimamisha Bibi mbele ya wakumbushaji wenzake. Bibi mwenyewe alinisimulia, tumekaa kwake tunabangua karanga, na alikuwa anazibangua kwa nguvu mpaka zinaruka.

"Kaniambia mimi ni mvivu."

"Kasema hivyo, Bibi?"

"Kasema, bibi, hata wewe? Nilikutegemea. Hiyo hata wewe ndiyo mvivu yenyewe."

"Ungemwambia kwamba humsemeshi mkwe."

"Nilimwambia. Kasema mambo hayo ni ya zamani."

"Basi mwambie akupe mgonjwa mwingine."

Akaniangalia kama nimetukana. "Ng'wanawane, mwanangu we, niende mbele ya watu niseme simtaki mkwe wangu? Yeye akisikia atasemaje? Atasema nimemkosea nini mayu." Akachambua maganda, akapuliza. "Nitamfuata mwenyewe. Ana kwa ana. Tuone kama mimi ni mvivu."

Baada ya hapo ndani ya nyumba hakukuwa na mtu wa kupitishia neno. Sisi wa kidato cha pili tuliwekwa kambi, tunalala shuleni kujiandaa na mtihani, nyumbani tunarudi Jumamosi kufua na kuiba dagaa. Mama Kulwa alisikia kuna machimbo mapya yamelipuka, dhahabu imeonekana huko mbali, akabeba masufuria akaenda kupika wali wa wachimbaji, akawa anarudi mara moja moja. Mapacha walihamia kwa Bibi, na walikuwa wadogo, ukiwapa ujumbe wanakurudishia wimbo. Bamdogo alikuwa anaondoka alfajiri kwenda karashani.

Nilichoambiwa na vijana wa karashani ni hiki. Bibi alipigiwa simu na Nesi, akavaa kizibao chake cha njano, akaenda mpaka pale. Bamdogo wakati huo alikuwa ameanza kuona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, pembeni giza, katikati mwanga, lakini rangi ile ya njano ilitengenezwa ili hata dereva mlevi aione, na yeye aliiona kutoka mbali. Akaweka karai chini. Akaenda nyuma ya lundo la mchanga, akasimama amegeuza mgongo, amekunja mikono, anangoja mkwe apite. Mkwe hakupita. Bibi alisimama kwenye uwanja wa karasha, hapakuwa na mbuzi wala kuku, kukawa na mashine tu inayonguruma, akaisemesha mashine. Hakuna aliyesikia neno hata moja. Vijana wakaanza kupiga kelele, "Masanja, mkweo kaja, leo umekwisha," na Bamdogo kwa aibu akasogea mbali zaidi, hadi kwenye mabwawa ya maji ya kuoshea. Kuwaambia wale vijana kwamba kesho kuna daktari wa macho Bibi hakuweza, hiyo ilikuwa siri ya mgonjwa, na isitoshe mtu wa kuosha unga wa mawe akijulikana haoni amekwisha. Wao nao hawakuuliza. Hakuna mwenye akili anayejitia kati ya mtu na mkwe wake. Bibi akazunguka mabwawa upande wa kulia, Bamdogo naye akazunguka upande wa kulia. Vijana wenyewe walinisimulia hili huku wanagaragara kwa kicheko. Nami, nitasema uongo wa nini, siku ile nilicheka nao.

Jumamosi iliyofuata chupa ilikuwa tupu. Bamdogo aliikung'uta juu ya jicho mpaka mkono ukamchoka, kisha akaniambia nimsindikize kituoni. Dirishani kulikuwa na Nesi Editha na kikombe cha chai ya maziwa kilichofanya ngozi juu.

"Shikamoo nesi," nikasema.

"Marahaba. Baba Kulwa, umekuja kufanya nini leo? Daktari alikuja Jumanne."

"Sikuambiwa," Bamdogo akasema.

"Uliambiwa. Mkumbushaji wako kaniambia alikufuata mpaka kazini, ukamkimbia."

Bamdogo akaushika ukingo wa dirisha. "Sikumkimbia, nesi. Nilimpisha."

"Ulimpisha aende wapi? Yeye alikuwa anakuja kwako."

Nyuma yetu mtu mmoja kwenye foleni akacheka kwa pua. Ningependa kuandika kwamba Bamdogo alijieleza, maana nikimkasirikia Nesi inabidi nimkasirikie na yeye, lakini hakujieleza. Kumwomba Nesi ambadilishie mtu maana yake ni kutangaza mbele ya foleni kwamba mama wa mke wake hafai, na habari ingemfikia Bibi kabla sisi hatujafika nyumbani. Bibi hakumkataa yeye, naye hakumkataa Bibi. Walikuwa na adabu wote wawili, na ile adabu ndiyo iliyomla macho. Nikabaki dirishani nikamwambia Nesi mimi, kwa kirefu, pole pole, bila mzaha hata mmoja, kwamba mkwe hasemeshwi, kwamba akimwona lazima aondoke, kwamba atoe tu ruhusa Bibi amwambie mtu yeyote wa nyumbani. Alinisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma, alinisikiliza mpaka mwisho na akaelewa.

"Mila hizo ndizo zinawamaliza," akasema. "Mwambie bibi yako aziache."

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia. Na sikiliza, binti, nikimruhusu huyu kutuma mtoto, wote watatuma watoto, tunarudi kule kule." Akaitoa ngozi ya chai kwa kijiko, akaitupa. "Akikosa mara tatu nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Siyo mimi, ni utaratibu. Daktari anaona watu wachache."

Alikosa mara ya pili vile vile, maana Bibi alikuwa anakivaa kizibao kila siku, hata kwenda sokoni, na Bamdogo akikiona anawahi kupisha bila kujua kama ni cha kliniki au mkwe anapita tu. Mara ya tatu Bibi alivua viatu ili asisikike, akamnyemelea karibu kabisa, na Bamdogo aliposhtuka na kuona njano imejaa mbele yake aliruka mtaro akachubuka goti. Nilimkuta Jumamosi anajipaka mafuta ya taa kwenye goti, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bibi Milembe analia, kwake, amekaa kwenye kigoda, kizibao kikiwa magotini. "Nikimsemesha nitakuwa nimemvua nguo," akasema. "Nisipomsemesha anapofuka. Nifanye nini sasa?"

Ndipo nikamwambia kitu ambacho ningekuwa nimekisema mwezi wa kwanza kama kungekuwa na mtu mzima mmoja anayeuliza mawazo ya watoto. Nikamwambia, Bibi, siku ukipigiwa simu usiende karashani. Tundika kizibao kwenye uzio wetu, pale anapoingilia. Kizibao hakina mdomo, hakina siri ya kutoa, na hakuna adabu ya kupisha kizibao. Akifika jioni akikikuta, kesho anakwenda. Nilimweleza Bamdogo nikiwa uani, na Bibi akiwa nje ya uzio anasikiliza huku anajifanya anafukuza kuku. Bamdogo akamwambia kuku yule yule, "Mwambie mayu ni akili nzuri." Jioni ile tulikula ugali na mlenda, na akatania tena, akasema akiona njano hata kwenye ndizi ataenda kliniki.

Na kilifanya kazi. Andika hilo, Nesi Editha, kwenye mafunzo yako. Mwezi uliofuata kizibao kilitundikwa, Bamdogo alikiona, asubuhi akaoga, akavaa shati la harusi za watu, akawa wa kwanza kufika. Mimi nilitoroka kambini nikamfuata. Alikaa benchini mpaka mchana. Wagonjwa waliitwa, wakaingia, wakatoka na chupa zao. Benchi likabaki na yeye na mama mmoja aliyekuwa anamsubiri mumewe. Nesi akatoka na kumwambia, kwa upole, kwamba jina lake halipo, alishakosa mara tatu, nafasi ilikwenda kwa mzee mmoja wa Nyarugusu. Bamdogo akauliza kama anaweza kuuza chupa moja tu. Haziuzwi, zinatolewa kwa waliopimwa. Akauliza kama anaweza kumsalimia daktari. Daktari alikuwa anapakia masanduku yake kwenye gari, na gari lilikuwa limeshawashwa, lingezimwa lisingewaka tena kirahisi. Tulisimama tukaliangalia likiondoka. Yaani mimi nililiangalia. Yeye alikuwa ameelekeza uso upande wa choo.

Karashani aliendelea kwa kubahatisha. Jumamosi moja alinikalisha karibu yake, akauinamisha mkia wa unga kwenye jua kama zamani, akauliza bila kutikisa midomo, "Unaona nini?" Nikamwambia naona matope. "Angalia vizuri, Kabula. Pembeni, kama uzi." Mimi sikuwa na macho hayo, sikuwahi kufundishwa, na mwenye mifuko alikuwa amesimama nyuma anapumua. Bamdogo akasema, "Hamna kitu." Yule bwana akamwaga mifuko yake kwa hasira, wengine wakaizoa, wakaisaga, wakapata. Habari ilizunguka kabla jua halijazama. Kesho yake karai lake lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na hakuna aliyemtukana, hata mmoja. Alisema hilo ndilo lililomwambia kwamba amekwisha.

Mpaka nafunga shule mwisho wa mwaka alikuwa haoni mchana wala taa. Mama Kulwa alirudi na masufuria yake, akaangalia kile kikombe kilichokauka kwenye mtungi, akakiosha, akakitumia kunywea uji. Hapo sasa kituo kikamkumbuka. Walikuwa wameweka utaratibu mpya, wasioona waje kila mwezi bila kukosa, na mkumbushaji ndiye amsindikize. Kwa hiyo siku ya kliniki mimi nilishika fimbo mbele, Bamdogo akashika nyuma ya fimbo, na Bibi Milembe akatufuata kwa mbali na kizibao chake, kimya, akitembea pembeni mwa njia. Bamdogo hakuwa anajua kwamba yupo. Benchini Bibi alikaa ncha ile ya mbali, amegeukia ukuta.

Nesi Editha alikuwa na furaha siku ile. Alisema mahudhurio ya wagonjwa wa macho yamependeza, na wengine waige mfano wa Baba Kulwa.

"Nesi, samahani," Bamdogo akasema. "Mimi nakuja kuangaliwa nini?"

"Tunalinda kilichobaki, Baba Kulwa."

"Kimebaki nini?"

Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua. Watu wote benchini wakatazama miguu yao. Na kule kwenye ncha Bibi Milembe akageuka kutoka ukutani, akamtazama usoni mwanaume aliyekuwa hajawahi kumtazama tangu ampe binti yake, hakumtafuta mtoto, hakumtafuta mbuzi.

"Masanja," akasema. "Siku ile karashani ningekuita jina lako."

Bamdogo akainuka kama amechomwa. Sauti aliijua, aliisikia miaka yote nyuma ya ukuta, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa, ukataka kumpisha. Akageuka, akapiga hatua kubwa ya kutoka njiani, lakini hakujua njia iko wapi, na hatua ile ikampeleka moja kwa moja mpaka kwa mkwe wake. Alimgonga kifuani, akapepesuka, akamshika bega kwa mkono mzima. Watoto wakacheka. Kina mama waliojua hawakucheka, walifunika nyuso zao.

"Afadhali," akasema Nesi Editha, anatabasamu. "Leo hajakimbia."

Bibi hakuuondoa ule mkono. Bamdogo naye hakuuondoa, maana angeuondoa angeanguka.